Visanduku Vitano vya Kiyidi

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, wapenzi wenzangu wa mafumbo ya maneno, habari za jioni. Nashukuru kwa nafasi hii, na namshukuru mwenyekiti aliyenitaka nizungumzie kidokezo kimoja tu.

Kidokezo chenyewe kinatoka kwenye magazeti ya Marekani. Kinasema "Takataka", basi, na mbele yake kuna visanduku vitano vitupu. Jibu ni DRECK. Ni neno ambalo Kiingereza kimelichukua kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Siku nyingine kidokezo kinabadilika kidogo: "Bidhaa mbovu", "Kazi isiyo na thamani", "Uchafu", "Takataka, kwa Wayahudi wa New York". Mjazaji mwenye uzoefu haulizi sana. Anaandika D, R, E, C, K, anasonga mbele. Mimi naomba leo tusisonge mbele. Tubaki hapo kwenye vile visanduku vitano, kwa sababu baadhi ya vidokezo hivyo ni vya haki na vingine si vya haki, na mtunzi asiyeona tofauti hiyo hawezi kutunga vizuri kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo.

Fumbo la maneno la kwanza tunalolijua kwa umbo hili lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913, katika toleo la Jumapili la gazeti la New York World. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliyehamia Marekani. Lilikuwa na umbo la almasi, lina tundu katikati, na halikuwa na kisanduku cheusi hata kimoja. Mjazaji alipewa neno la kuanzia, FUN, yaani furaha. Lakini ukiyatazama majibu mengine, furaha yenyewe inapungua. Kimojawapo cha vidokezo kilidai jina la nyuzi za gomuti, mti wa jamii ya mnazi, na jibu lilikuwa DOH. Kingine kilidai neno la kale la ngumi, jibu NEIF. Ni maneno ambayo mwuza samaki wa New York wa mwaka 1913 hakuwahi kuyasikia, wala kuyahitaji.

Sasa, kwenye jiji hilohilo, mwendo wa miguu tu kutoka kwenye ofisi za gazeti lile, palikuwa na mtaa wa Lower East Side. Kati ya mwaka 1881 na 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 waliingia Marekani wakitoka Urusi, Poland, Romania na nchi jirani, wakikimbia mauaji na ufukara, na wengi wao walifikia pale. Walishona nguo, walisukuma mikokoteni ya mboga na vitambaa, walisoma magazeti yao wenyewe. Gazeti la Forverts, lililoanzishwa mwaka 1897 na kuandikwa kwa Kiyidi, lilifikia kuchapisha nakala zaidi ya 200,000 kwa siku. Kiyidi huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto, ingawa mifupa yake ni ya Kijerumani, na nyama imechangiwa na Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi. Kwa hiyo wakati Wynne anatafuta nyuzi za gomuti kwenye kamusi, nje ya dirisha palikuwa na watu wakitukana, wakipatana bei na kucheka kwa maneno ambayo miaka mingi baadaye yangekuwa uhai wa mafumbo ya jiji lile.

Mwaka 1924 una uzito wa pekee katika habari hii. Mwezi Aprili, vijana wawili wa Kiyahudi, Richard Simon na Max Schuster, walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo ya maneno, kikiwa na penseli iliyofungwa pembeni. Walihofia kuchekwa, wakaficha jina la kampuni yao changa, wakatumia jina jingine. Kitabu kilinunuliwa kwa fujo, na nchi nzima ikashikwa na homa ya mafumbo. Gazeti la New York Times likaandika mwaka huohuo kwamba huo ni upotevu wa muda ulio sawa na dhambi. Mwezi Mei, Rais Calvin Coolidge akatia saini sheria ya uhamiaji iliyofunga mlango kwa wingi wa Wayahudi na wengineo kutoka Ulaya ya Mashariki na Kusini. Ndani ya majuma machache, mlango mmoja unafunguka na mwingine unafungwa. Waliokuwa wameshaingia walibaki na maneno yao. Waliobaki Ulaya, tunajua yaliyowapata. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kiyidi kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa na utawala wa Hitler, wengi walikuwa wasemaji wa lugha hiyo.

Nayataja haya kwa makusudi. Mtu akiona DRECK kwenye gazeti la asubuhi anaweza kudhani ni kijineno cha kuchekesha tu, kama maneno mengi ya Kiyidi yanavyochukuliwa huko. Lugha hiyo ilikuwa na washairi, wanafalsafa, vyama vya wafanyakazi na tamthilia. Isaac Bashevis Singer, aliyekuwa akiandika Forverts miaka mingi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1978 kwa kazi alizoziandika kwa Kiyidi, na aliposimama Stockholm sehemu ya hotuba yake aliitoa kwa lugha hiyohiyo. Hadi leo kuna jamii za Wayahudi washika dini, Brooklyn, Antwerp na Jerusalem, ambazo watoto wao huanza kusema kwa Kiyidi.

Turudi kwenye neno letu. Nawaombeni radhi wazee wangu, kwa sababu siwezi kulieleza bila kulitaja. Nyumbani kwake, kwenye Kiyidi, drek si takataka. Ni mavi. Kwa Kijerumani neno hilohilo, Dreck, ni tope na uchafu, lakini kwa Kiyidi linakaa chooni. Bibi wa Warsaw hakulitamka mbele ya rabi. Akilitamka juu ya kitambaa alichoonyeshwa na muuzaji, muuzaji alijua biashara imekufa.

Lilivyotoka hapo likaja kuwa neno la kuandikwa gazetini ni habari ya mdomo kwa mdomo. Wafanyabiashara wa nguo wa New York walilitumia juu ya shehena mbovu. Wachekeshaji wa kwenye hoteli za milima ya Catskill, ambako Wayahudi wa jiji walikwenda kupumzika majira ya joto, walilitamka jukwaani. Watu wa sinema na tamthilia wakaliokota. Kila lilipopita kwa mtu asiyejua Kiyidi, harufu ilipungua. Lilipofika kwenye kamusi za Kiingereza lilikuwa na maana moja kavu: kitu cha ovyo, hasa kilichotengenezwa na mtu. Filamu ya ovyo, riwaya ya ovyo, samani zinazovunjika kabla hujamaliza kuzilipia. Wenzetu wasishangae. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo tunaposema mavi ya chuma, ile takataka inayobaki baada ya kuyeyusha madini. Hakuna mhunzi anayeona haya kulitamka.

Hapo ndipo penye kidokezo cha haki na kisicho cha haki. Watunzi wa Marekani na Uingereza wana kipimo ambacho ningependa kila mmoja wetu akishike: chukua jibu, liweke mahali pa kidokezo ndani ya sentensi ya kawaida, usikilize kama sentensi inasimama. Kama kidokezo ni cha wingi, jibu liwe la wingi. Kama ni kitenzi cha wakati uliopita, jibu nalo liwe hivyo. Hiyo ni ngazi ya kwanza, na kila mtu huipita. Ngazi ya pili ni ngumu zaidi: je, msemaji wa lugha hiyo angelisema neno hilo katika hali hiyo?

Jaribuni na DRECK. "Ile filamu ilikuwa takataka." Weka DRECK, sentensi inasimama wima. "Duka lile linauza takataka." Inasimama. "Mwanangu, katoe takataka nje, gari la manispaa linapita." Hapo inaanguka. Hakuna Mmarekani anayetoa dreck nje usiku wa kuamkia siku ya gari la taka. Maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki si dreck, hata yanuke vipi, kwa sababu dreck ni hukumu juu ya ubora wa kazi ya mtu. Kwa hiyo kidokezo "Yaliyomo kwenye pipa la taka" kingepita kwa kamusi na kufeli kwa ulimi. "Kazi mbovu kupindukia" ni kidokezo cha haki. "Anachokiita mhakiki filamu mbaya" ni bora zaidi, maana kinakuonyesha hata mdomo unaolitoa neno.

Kiyidi kimewapa Wamarekani maneno kadhaa ya jirani na hilo, na mtunzi mvivu huyabwaga yote chini ya kidokezo kimoja. Wanaoyatumia hawayachanganyi. SCHLOCK ni bidhaa rahisi za kumvutia mnunuzi, zile zenye kung'aa kwa nje; mtu anaweza hata kuzipenda. SHMATTE, lenye asili ya Kipoland, ni kitambaa kuukuu, dekio, au gauni lililochakaa; wenye viwanda vya nguo New York huita shughuli yao nzima kwa neno hilo, kwa mapenzi. TCHOTCHKE ni vidude vya mapambo vinavyokusanya vumbi kabatini kwa bibi. CHAZERAI limetoka kwenye neno la Kiebrania la nguruwe, ndugu wa khinziri yule tunayemjua sisi kutoka Kiarabu, na maana yake ni vikorokoro au chakula kisicho na faida mwilini. DRECK ndilo kali kuliko yote. Haliachi nafasi ya huruma. Ukiliita gauni la shangazi yako shmatte atacheka. Ukiliita dreck, usiende kwake sikukuu.

Kuna suala la tahajia, nitalipitia haraka. Kiyidi kinatumia herufi za Kiebrania, kwa hiyo kuandika kwa herufi za Kilatini kunatofautiana. Wataalamu wa YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidi iliyoanzishwa Vilna (Vilnius ya leo, Lithuania) mwaka 1925 na sasa iko New York, huandika drek, herufi nne. Magazeti hufuata mkondo wa Kijerumani, DRECK, herufi tano. Mtunzi muungwana akitumia ile fupi huweka alama kwenye kidokezo kwamba tahajia si ya kawaida. Na kwa nini wanalipenda? Mafumbo ya Kimarekani ya siku za kazi huwa na visanduku 15 kwa 15, kila herufi inasomeka kwa kulala na kwa kusimama, hakuna neno chini ya herufi tatu, na ukiugeuza mraba juu chini visanduku vyeusi vinabaki palepale. Masharti hayo yanamsukuma mtunzi kwenye maneno yenye irabu nyingi, mpaka mjazaji anachoka na AREA na ERA. DRECK lina irabu moja kati ya konsonanti nne. Pembeni mwa mraba, K yake ya mwisho inaleta ladha ambayo irabu haziwezi kuileta.

Waingereza nao wana njia yao, na hapa mtu aliyelelewa kwa vitendawili atajisikia nyumbani. Kwenye mafumbo yao ya mtindo wa kuficha, kila kidokezo kina sehemu mbili zilizounganishwa bila mshono: upande mmoja maana ya jibu, upande mwingine namna ya kulijenga. Nimewatungia kimoja kwa Kiswahili, jibu likiwa hilohilo la kigeni: "Mto waingia sitahani, waacha takataka." Maana iko mwisho, takataka. Ujenzi uko mwanzo. Sitaha ya meli kwa Kiingereza ni DECK. Mto kwenye ramani zao hufupishwa kwa R. Mto unaingia sitahani: R inaingia ndani ya DECK, baada ya D. D, R, ECK. Mjazaji anaona meli na mafuriko, kumbe mtunzi hajasema uongo hata kwa neno moja. Mwalimu mmoja wa fani hiyo, Alistair Ritchie, aliyetunga kwa jina la Afrit, aliweka kanuni mwaka 1949 kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, ila lazima aseme anachomaanisha. Natamani kanuni hiyo ningeiandika juu ya meza ya kila mtunzi wa Kiswahili.

Sasa niseme linalonisumbua. New York Times, lile lililoita mafumbo dhambi, lilianza kuchapisha fumbo lake la Jumapili tarehe 15 Februari 1942, nchi ikiwa vitani, na la kila siku mwaka 1950. Mhariri wa kwanza wa mafumbo hayo, Margaret Farrar, aliweka sharti linaloitwa mpaka leo kipimo cha kifungua kinywa: mtu anajaza fumbo huku anakunywa chai, basi asikutane na vifo, magonjwa wala habari za chooni. Sharti jema. Lakini neno ambalo kwao ni mavi limeketi mezani pale, limepita mlangoni kwa sababu waliokuwa mlangoni hawakujua lilikotoka, au walijua na wakaona safari imelisafisha.

Mimi nasema limesafika kweli, kwa Kiingereza. Neno ni mali ya wanaolitumia leo. Lakini mtunzi anapaswa kuijua ile safari kabla ya kulitumia, kwa sababu si kila neno limesafika kwa kila mtu. Mwaka 2006 gazeti hilohilo lilitumia neno SCUMBAG kwa kidokezo cha "mtu mwovu". Kwa vijana ni tusi la kawaida la mitaani. Kwa wanaokumbuka, maana yake ya awali ni kondomu iliyokwisha kutumika. Baadhi ya wasomaji walilalamika, na walikuwa na haki. Kamusi ndogo ya mezani haikutosha kumlinda mhariri.

Na lipo neno letu wenyewe. Fungueni mafumbo ya Kimarekani ya miaka mingi iliyopita, mtakutana na BWANA. Herufi tano, kama DRECK. Kwa muda mrefu kidokezo chake kimekuwa "Bosi wa safari", au maneno ya namna hiyo. Mzungu mwenye kofia, bunduki begani, wapagazi nyuma. Nikikiona kidokezo hicho sihisi fahari kwamba Kiswahili kimefika New York. Nahisi hasira. Ni nani kati yetu ameliweka neno hilo huko? Asubuhi unamwambia rafiki yako, "Acha hizo, bwana!" Mchana bwana shamba anakuja kukagua mahindi. Jumamosi bwana harusi anasubiri msafara. Jumapili kwaya inaimba Bwana asifiwe. Anayeuliza "Bwana yupo?" mlangoni pa dada yako anamtafuta shemeji yako. Mtunzi aliyetoa kidokezo cha safari amechukua matumizi ya ukoloni, ameyagandisha, na kuyafanya ndiyo maana pekee. Kidokezo kinachosema tu "Cheo cha heshima kwa Kiswahili" kipo pia, na huyo nampa mkono. Hakina mbwembwe lakini kinasimama kwenye sentensi zetu.

Kwa sababu hiyo nafikiri tuna wajibu kwa Kiyidi, sisi tunaojua inavyouma. Tukiandika kidokezo cha DRECK, tusiongeze "kwa Kiyidi" ikiwa tunakusudia neno la Kiingereza la leo, kwa kuwa msemaji wa Kiyidi atakwambia, na atakuwa sahihi, kwamba kwao si takataka. Na tukiongeza "kwa Kiyidi", basi tuwe tayari kusimamia maana yao, harufu na yote. Kuchanganya viwili hivyo ndiyo kosa ninaloliona mara kwa mara, na wanaolifanya huwa hawana nia mbaya. Wamelinakili kwa waliowatangulia.

Nimalizie kwa kazi. Kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, neno la kwanza la kulala ni TAKATAKA, herufi nane. Nawaonya kwamba ni gumu kuliko DRECK, kwa sababu takataka yetu inakwenda pipani na inakwenda sinemani vilevile. Kidokezo chenu kiamue kinakwenda wapi. Neno la kwanza la kusimama ni TOPE, linaloanzia kwenye T hiyohiyo. La tatu, lililo chini kabisa, ni BWANA. Safari hairuhusiwi. Kila kundi liandike vidokezo vyake, kisha kundi la jirani livipime kwa sentensi, kwa sauti, mpaka kinachoanguka kianguke. Tuna nusu saa. Karibuni, na mwenye swali ananyoosha mkono wakati wowote.